Mkono wa Gari la Bluu

Tarehe 3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na zikukute mzima wewe na Baba. Sisi huku hatujambo. Mtoto ameota jino la kwanza na sasa anang'ata kila kitu, kuanzia kijiko hadi pua yangu. Wifi yako anakusalimu, anauliza utakuja kumwona mtoto lini, au unasubiri aote ndevu kwanza? Macho ya Baba vipi? Dawa ya matone aliyoandikiwa nimeipata, iko kwenye kifurushi hiki.

Najua unajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Dada, simu ya nyumba hiyo unaijua mwenyewe. Baba lazima spika iwe wazi, hata aliyekosea namba atasalimiwa na kuulizwa watoto wake hawajambo. Hili sitaki alisikie, na mwandiko wangu huu mdogo macho yake hayauwezi. Lisome peke yako.

Kazini wamenihamishia kitengo cha kupiga simu. Kiwanda kimegundua kwamba magari ya aina ya hilo lako, yale ya kipindi fulani, yana kasoro kwenye mkono wa chini wa nyuma, kile chuma kinacholishikilia gurudumu lisiende kombo. Pale kilipochomelewa panapasuka taratibu chini ya rangi. Huoni kitu, husikii kitu, halafu siku moja kinakatika na gurudumu linakwenda linakotaka lenyewe. Kwa hiyo magari yameitwa yarudi. Mwenye gari analileta, anabadilishiwa mkono bure, na chai anapewa akisubiri. Kazi yangu ni kuwatafuta wenye magari mmoja mmoja.

Lako mlilinunua mkononi kwa mtu, jina lako haliwezi kuwa kwenye orodha yetu, kwa hiyo naomba namba ya chesisi. Imegongwa kwenye chuma chini ya kiti cha abiria wa mbele. Inua zulia utaiona. Wewe unabeba watoto wa watu, Dada, kila siku ya shule, na ule mteremko wa darajani naukumbuka.

Baba tusimwambie kwanza. Ukimwambia gari lililopita mikononi mwake lina kasoro, atavaa ile ovaroli yake ya gereji aje huku kugombana na kiwanda kizima.

Mimi mdogo wako,
Mziwanda


Tarehe 21 Februari

Mziwanda,

Barua imefika na dawa imefika. Baba analalamika kwamba inawasha, na analalamika kwa sauti kubwa, kwa hiyo ujue ni mzima. Nimemwambia habari ya jino akacheka mpaka akakohoa, akasema mtoto anayekung'ata pua anamlipizia yeye kisasi.

Haya, namba yako. Nimepiga magoti ndani ya gari, zulia juu, kichwa chini, jasho linanitoka, mara nasikia kutoka mlangoni, "Unatafuta nini humo?" Baba huyo, kwenye kigoda chake. Nikasema natafuta hereni. Akasema, "Tangu lini unavaa hereni?" Jamani, huyu mzee macho yamemwishia lakini hakuna kinachompita. Nimeinakili nyuma ya karatasi hii.

Lakini usinitie hofu ya bure. Gari linakwenda vizuri mno. Tangu Baba aliposhika spana kwa mara ya mwisho halijanisumbua hata siku moja. Watoto wanaimba humo ndani mpaka nashindwa kusikia honi yangu mwenyewe. Mwalimu mkuu amesema muhula ujao ataniongezea wengine, maana wazazi wananiamini. Kwa hiyo kama ni kulileta gari huko mkalifungue na kulikagua, fikiria watoto hao wataendaje shule.

Baba anasema upunguze kula, sauti yako kwenye simu imenenepa.

Dada yako


Tarehe 14 Machi

Dada,

Pokea salamu, na umpelekee Baba zake. Mwambie sauti haijanenepa, ni mafua. Mtoto sasa ana meno mawili na hasira za mama yake.

Furaha niliyo nayo siwezi kuieleza! Nimeitafuta namba yako mara tatu kwenye mashine na haimo. Gari lako lilitengenezwa baada ya kile kipindi kibaya, mikono yake ilitoka kiwanda kingine. Niliinuka kitini nikacheka peke yangu, mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nimepata mtoto mwingine. Beba watoto wako, imbeni.

Kazi hii inanifundisha mengi juu ya watu. Unampigia mtu kumwambia gari lake linaweza kumuua, yeye anakujibu kama umemwambia mke wake ni mbaya. "Gari langu? Nimekaa nalo miaka yote hii!" Wengine wanadhani ni matapeli. Mama mmoja aliniombea dua kwa simu nusu saa, kisha akakata bila kunipa namba. Bwana mmoja muuza mbao alinicheka sana, akasema yeye analijua gari lake kuliko sisi tuliolitengeneza. Mwisho wake nitakusimulia siku nyingine. Amri yetu ni moja: akikata, mpigie tena. Akikutukana, mpigie kesho.

Umesema gari limetulia tangu Baba alipolishika mara ya mwisho. Aligusa nini hasa? Nauliza tu.

Mziwanda


Tarehe 29 Aprili

Mziwanda,

Utanisamehe kuchelewa. Mvua zimetushika. Bati la jikoni limeng'oka upande, tunapika huku tumefunika sufuria. Jirani wa upande wa pili amehama na amemwacha jogoo wake, sasa jogoo ni wetu na hajui saa. Tarehe ya hospitali ya Baba wameisogeza mbele tena, daktari wa macho yuko safarini. Baba anasema yuko safarini kumkimbia yeye. Mguu unamuuma kukiwa na baridi, vinginevyo hajambo. Mimi nilikuwa na kikohozi, kimeisha.

Swali lako nimelisoma, nimeliweka, nimelisoma tena. Nilikuwa nikitaka nijifanye sikuliona.

Alibadilisha mkono wa nyuma, wa kulia. Niliingia kwenye shimo, wa mwanzo ukapinda. Mpya ulikuwa haupatikani mjini kote. Akaenda mwenyewe kwa watu wa vyuma chakavu, akautoa kwenye lile gari la bluu la mchukuzi wa sokoni lililopinduka. Alilala chini ya gari langu kutwa nzima, nati anazitafuta kwa vidole kwa sababu macho yalishaingia ukungu. Hakutaka hata nimshikie taa. Alipotoka alijifuta mikono akasema, "Hii ndiyo ya mwisho, na ni nzuri. Sasa naweza kufunga." Na kweli kesho yake alifunga gereji.

Wewe hukuwepo, hujui ilivyokuwa. Baba miezi ile alikuwa kama mtu aliyepotelewa. Kitu kilichomrudisha ni huo mkono. Mgeni hajavua viatu ameshasimuliwa. Kila asubuhi nikiwasha gari anainua kidole, "Sikiliza. Huo. Mkono wangu huo." Unajua walivyokuwa wakimwita gerejini, Fundi Sikio. Sasa hilo sikio limebaki na kazi moja tu duniani, kunisikiliza mimi nikitoka na nikirudi.

Umeuliza, nimekujibu. Namba nilikupa, na wewe mwenyewe umesema haimo kwenye orodha. Nakuomba, mdogo wangu, tuishie hapo.

Dada yako


Tarehe 8 Mei

Dada,

Salamu nitaziandika fupi. Sote wazima.

Nisamehe kwa simu ya leo asubuhi. Nilifungua barua yako hapa mezani, nikafika kwenye gari la bluu, nikanyanyua simu kabla sijamaliza ukurasa. Nilisahau habari ya spika. Nikasikia sauti ya Baba, "Nani huyo, na mbona anahema?" nikabaki naning'inia. Ndiyo maana nilisema tu usiwapeleke watoto leo, gari likae. Alipouliza leo kuna nini nikasema mvua. Baadaye nikakumbuka kwamba mtu aliyeko huku hawezi kuiona mvua ya huko.

Sikiliza sasa. Orodha yetu inataja namba ya chesisi, na chesisi ya gari lako ni salama. Lakini kinachokatika ni mkono, na mkono ulio nao ni wa gari lingine. Lile la bluu nalikumbuka vizuri, mchukuzi alilinunua jipya mwaka niliomaliza shule, tukaenda kulishangaa. Ni aina ya hilo lako, na ni kipindi kile kile hasa. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuambia uimbe na watoto, kumbe chuma chenyewe kibovu kiko chini yenu.

Yule muuza mbao aliyenicheka, nilipompigia mara ya pili simu ilipokelewa na mkewe, hospitalini. Gurudumu lilichomoka kwenye mteremko. Ataishi, lakini mguu mmoja hautakuwa kama zamani. Sikukuandikia mwezi Machi kwa sababu nilidhani halikuhusu.

Nimeshazungumza na mkubwa wangu. Mwanzo alikataa, gari lisilo kwenye orodha halipokelewi. Nimevutana naye hadi watu wakageuka kututazama. Mwishowe akampigia simu mwenyewe wakala wa mji wa jirani na kwenu, wanakusubiri. Watakuja kulibeba gari, wewe usiliendeshe hata hatua moja. Hakuna malipo.

Baba asijue. Nakubaliana na wewe kwa hilo kabisa. Waombe wauchakaze huo mpya kidogo, wapake hata matope ufanane na wa zamani. Mwambie umebadilisha tairi. Mzee ameshapoteza gereji na macho, tusimpokonye na hili.

Mziwanda


Tarehe 27 Mei

Mziwanda,

Salamu kwako, kwa wifi na kwa mwenye meno. Bati la jikoni limepigiliwa. Jogoo bado hajui saa. Baba hajambo, na utaona mwenyewe jinsi asivyojambo.

Siku ile ya simu yako niligeuka nikamwambia walimu wana mkutano, hakuna shule. Sijamaliza kusema, watoto hao wanapita njiani na mabegi yao, wanaimba. Baba akageuza kichwa upande wao, akasikiliza mpaka wakapotelea mbali. Mimi nikaingia jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Watu wa wakala walikuja kulibeba gari alipokuwa amelala mchana. Nilikwenda nao. Fundi wao aliusugua ule mkono kwa brashi ya waya, akamulika, hakuona kitu. Akasugua tena. Ndipo ukatokea mstari mwembamba kama unywele. Akapachika mtaimbo mdogo, akaminya kidogo tu, mstari ukafunguka ukawa mdomo. Kilichokuwa kimebaki, Mziwanda, ni kipande cha upana wa kidole. Nilikaa chini pale pale kwenye mafuta na gauni langu. Nilianza kuwaona watoto mmoja mmoja, kila mmoja na kiti chake anachokigombania. Sikulia. Niliomba maji ya kunywa.

Walifunga mkono mpya, na ule wa zamani wakaukata vipande viwili ili asije mtu akautumia tena. Niliwaomba wanipe. Usiniulize kwa nini. Sikuweza kuuacha pale kwenye pipa lao na takataka. Nikauviringisha kwenye gunia, nikauweka chini ya kiti, nikarudi naendesha mwenyewe.

Baba alikuwa kwenye kigoda. Nilipoingia uwanjani akainua mkono nisizime. "Nenda mbele kidogo," akasema. Nikaenda. "Rudi." Nikarudi. "Zima." Nikazima. Akasema, "Mkono wangu umeupeleka wapi?"

Nikamwambia, Baba, nimebadilisha tairi. Akasema, "Tairi halina sauti hiyo. Na walimu hawakuwa na mkutano, na hereni huna." Basi nikafungua mlango wa gari. Nililitoa gunia nikampakatisha.

Alivipapasa vile vipande muda mrefu. Alipofika penye ufa kidole gumba kikasimama, kikarudi, kikapita tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali, hata kwa machozi. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sikuuona." Nikamwambia hata mwenye taa hakuuona mpaka aliposugua, na kwamba ni kosa la kiwanda, na kwamba wewe ndiye uliyegundua. Nikajikuta nimemweleza yote, barua na kila kitu. Akaniuliza, "Wewe habari ya mikono kupasuka uliijua lini?" Nikasema Februari. "Na mkono huu ulikotoka, mdogo wako alijua lini?" Nikasema mapema mwezi huu.

Alivirudisha vipande kwenye gunia. Kisha akasema, "Gari lina mikono miwili."

Sikumwelewa. Akasema, "Lile la bluu. Wa kulia nilikufungia wewe. Wa kushoto nilimfungia Mikate, wiki ile ile, siku moja kabla ya lako. Alikuja analia mkono wa gari lake umekatika, nikamwambia una bahati, ninao mmoja. Nifungulie mlango wa gari."

Mikate unamkumbuka, anasambaza mikate madukani kwa gari la aina ya langu, na njia yake ni ule ule mteremko wa darajani, kupanda na kushuka. Baba alikuwa hajatoka nje ya ua tangu afunge gereji. Mguu unamuuma, anasema dunia imejaa ngazi. Siku hiyo alifika kwenye gari kabla yangu. Njiani niliendesha huku roho iko juu, kila gari lililosimama pembeni nikidhani ndilo.

Tulimkuta nyuma ya duka la mikate, anapakia trei. Ufunguo ulikuwa mkononi. Baba akapaza sauti kabla sijasimama, "Usiwashe!" Mikate akacheka, akasema, "Fundi Sikio! Umefufuka?" Baba hakucheka. Aliomba boksi tupu, akalitandika, akalala chini ya gari na miaka yake yote ile. Nilitaka kumulika, akasema taa haimsaidii. Tukasimama tunaiona miguu yake tu. Halafu miguu ikatulia.

Alipotoka alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Akasema, "Huu umepasuka kuzidi ule." Mikate akakaa juu ya trei ya mikate, mikate ikabonyea, asijali. Ameniambia baadaye kwamba wiki nzima gari lilikuwa linamvuta kushoto, yeye akadhani ni upepo wa tairi, na Jumamosi iliyofuata alikuwa na mpango wa kuwapakia mkewe na watoto.

Wakala wamelibeba na hilo. Nimesema na mkubwa wako mwenyewe kwa simu, spika wazi, Baba pembeni ananisahihisha.

Sasa nakwambia lililo moyoni mwangu. Nilidhani namhifadhi Baba. Kumbe yeye peke yake ndiye aliyejua mkono wa pili uko wapi, na sisi wawili tulikuwa tumemfungia mlango nje. Silali vizuri nikikumbuka. Nadhani na wewe hutalala, ndiyo maana nakuandikia.

Jana Baba ameniambia niketi na kalamu. Amesema niandike maneno yake kama anavyoyasema, nisipunguze wala nisiyapambe. Haya ndiyo:

"Mwanangu. Sauti yako imenenepa, mafua si kweli. Mikate mzima, anakusalimu, amenipa mikate mingi kuliko meno niliyo nayo. Kuhusu chuma sina aibu. Walichomelea wao vibaya kiwandani, nikafunga mimi, na nimekigundua kilichobaki kwa kidole changu. Tangu juzi nimekaa na dada yako nakumbuka kila spea niliyowahi kuitoa kwenye gari moja nikaitia kwenye lingine. Mwambie mkubwa wako kwamba orodha yake haiyajui hayo. Mafundi wa zamani wanayajua, awatafute, wengi tuko majumbani tumekaa kwenye vigoda.

"Sasa nina swali. Dada yako amenisomea barua zako zote. Umeandika kwamba kutwa unawapigia simu watu usiowajua, wanakucheka, wanakutukana, wanakata, nawe unawapigia tena kesho yake, kwa sababu lazima mwenye gari aambiwe. Namba yangu unayo. Ni ile ile tangu ulipokuwa unaomba nauli ya shule.

"Mimi hukunipigia kwa nini?"